Krismasi ya Vikapu Nyarubungo

Tulimzika Mama Spesioza mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yake ileile ya Nyarubungo, kando ya migomba. Mashada yalipokwisha kuwekwa, mwanawe mkubwa alisimama na simu mkononi akatusomea salamu za rambirambi kutoka ng'ambo. Wageni waliopita nyumba ile walikuwa wengi, kwa hiyo salamu nazo zilikuwa nyingi, na watu walikwisha anza kugeuza vichwa kule kulikotoka harufu ya wali. Ya mwisho ilitoka kwa Hanne, mmoja wa wageni hao. Aliandika kwamba hatausahau mwaka aliokaa kwa mama, na kwamba Krismasi ile ya vikapu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuziona. Watu wakaguna kwa upole, mama mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na hasira ikanipanda kama mtu aliyetukanwa hadharani. Nikaona haya, maana msibani si mahali pa kukasirika. Lakini Krismasi nzuri? Nikajiuliza kama kweli mimi na yeye tulilala chumba kimoja mwaka ule.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sijui la kufanya. Nyumbani Mabawe, Ngara, nilikuwa nalima, nateka maji, nangoja matokeo, na kila aliyepita alinisalimu kwa kuniuliza matokeo yatatoka lini. Mama Spesioza alikuwa akifahamiana na watu wa kwetu kupitia mambo ya kanisa, akaagiza nipelekwe kwake Nyarubungo, Biharamulo, nikamsaidie. Alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa na watoto waliokwisha kutawanyika mijini, na alikuwa amezoea kupokea vijana wa Ulaya wanaokuja likizo za kufanya kazi: wewe unampa kitanda na chakula, yeye anakusaidia shughuli zako mpaka siku zake za kukaa nchini ziishe. Shughuli ya Mama Spesioza ilikuwa kikundi cha akina mama wasuka vikapu, na kila Desemba walikuwa na maonesho ya kazi za mikono katika uwanja wa parokia mjini. Shida ilikuwa lugha. Wageni walijua Kiingereza, akina mama wengi, watu wenye asili ya Burundi, walisema Kirundi na Kiswahili cha sokoni, na yeye mwenyewe Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule, na Kirundi nilikifuata bila taabu kwa sababu Kihangaza chetu ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Utakuwa mdomo wetu," aliniambia siku niliyofika, akinipokea begi. Nilifurahi. Sikujua kwamba mdomo hautegemewi kuwa na la kwake la kusema.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho upande wa jikoni. Vitanda viwili, vyandarua viwili vya bluu, dirisha dogo lililotazama banda la mbuzi, na chini ya vitanda mafungu ya mafunjo yaliyokuwa yakikauka, kiasi kwamba ukijigeuza yalilia kama mtu anayetembea kwenye majani. Hanne alikuwa mrefu, miguu yake ilitokeza nje ya kitanda, na alikuwa na tabia ya kuamka akiwa amekwisha panga jambo. Alikuwa mchapakazi, sitamnyima haki yake. Alichota maji, alipalilia maharage, alikula ugali wa muhogo na kisamvu bila kukunja uso, na alipotaka kuosha vyombo na Mama Spesioza akamkatalia, waliviziana kila siku kwenye beseni mpaka mama akasalimu amri. Wanawake walimpenda. Mimi pia nilimpenda, miezi ya mwanzo, kwa namna unavyompenda mtu anayekuuliza maswali. Ilinichukua muda kugundua kwamba maswali yenyewe hayakuwa yangu. "Muulize alijisikiaje walipokimbia." "Muulize anakumbuka nini kuhusu vita." Nilimgeukia Bibi Kandida, ambaye alikuwa fundi wa vikapu vyenye mfuniko na mkubwa kwa umri pale, nikamfikishia swali. Bibi Kandida alivuta uzi, akafikiri, kisha akasema maneno marefu kwa Kirundi. Hanne akasogea mbele na macho yake yakalegea kwa huruma. "Amesemaje?" Nikamwambia alichosema: kwamba rangi nyekundu imebaki kidogo sufuriani, na kwamba mtu akienda sokoni asisahau chumvi.

Hanne alicheka, lakini hakuacha. Alikuwa mtoto mdogo kwao alipoona kambi ya Benaco, ile ya wakimbizi wa Rwanda, kwenye televisheni, na nadhani picha ile ndiyo iliyomleta huku. Alitaka kupaona. Kwa hiyo asubuhi moja ya Agosti Mama Spesioza alituombea nafasi kwenye lori lililokuwa likipeleka mahindi, tukakaa mbele na dereva, Hanne akiwa na kamera mapajani. Tuliposhuka njia panda alizunguka mara mbili akitazama pande zote. Palikuwa na malori ya kwenda Rusumo yamejipanga, vijana wanauza maji na karanga, mwanamke anakaanga chipsi, na mlimani mashamba ya watu yamekaa kimya juani. "Iko wapi?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo hapa, walikwisha kuondoka zamani. Akakaa juu ya jiwe kando ya barabara akaanza kulia. Wauza mayai ya kuchemsha wakatuzunguka wakiniuliza kama mzungu wangu anaumwa, na mmoja akatoa yai akalimenya, akampa bure.

Nilisimama pale nikingoja aniulize. Nilikuwa na umri wa shule ya msingi watu walipofurika. Shangazi yangu aliishi karibu na pale, na nilipokwenda kwake nilikuta kilima kizima kimevaa plastiki za bluu, na moshi mwingi hata jua likawa kama sahani chafu. Nilikumbuka miti yetu ilivyokwisha, foleni ya maji, na msichana wa rika langu aliyekuja uani kwa shangazi kuomba majani ya maboga, akakaa na sisi kutwa nzima tukicheza mdako, na kesho yake hakuja tena. Nilikuwa na haya yote mdomoni siku ile. Hanne alikula yai lake, akaniambia kwa unyonge, "Wewe huwezi kuelewa, Devota. Ninyi mmezoea." Nikatafuta gari la kurudi.

Kuanzia Oktoba nyumba iligeuka karakana. Sebuleni huwezi kukaa bila kukalia kikapu. Hanne aliwafundisha akina mama kutengeneza nyota za majani makavu kama za kwao, nao kwa maganda ya migomba wakatengeneza pango zima, na Yosefu na Maria na ng'ombe wenye pembe ndefu, maana hakuna aliyekubali kutengeneza ng'ombe wa pembe fupi. Zilikuwa siku njema hizo, nakiri. Mvua ilipiga bati, chai ya tangawizi ilipita, Bibi Kandida aliimba kwa sauti nyembamba huku sindano yake ikizama na kutoka, na Hanne alijaribu kumfuatisha akikosea kila neno mpaka watu wanashika mbavu. Jikoni, nilipokuwa nachambua maharage, nilimsikia Mama Spesioza akimwambia Bibi Kandida kwa Kirundi, akidhani sipo: "Wageni hawa wakiacha kuja nitaongea na nani? Nitasikiliza mbuzi?" Nilimwelewa. Watoto wake walikuwa wakimpigia simu sikukuu kwa sikukuu. Nyumba ile ilijazwa na watu wa mbali kwa sababu wa karibu hawakuja.

Ndipo zikaja kadi. Hanne alikwenda Mwanza na picha alizopiga, akarudi na bahasha nene. Kila kikapu kingefungwa kadi yenye picha ya aliyekisuka na maelezo yake kwa Kiingereza na Kiswahili. Alizimwaga mezani kwa furaha kama mtu aliyeleta zawadi. Akina mama wakagombania kuziona, wakachekana sura. Bibi Kandida aliishika yake kwa vidole viwili, akaitazama sana, akanipa. "Nisomee."

Nikasoma. Nilianza kwa sauti kubwa na sauti ikawa inapungua yenyewe. "Kandida ni mkimbizi kutoka Burundi," ndivyo ilivyoanza.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Vicheko vilikuwa vimekoma.

"Mkimbizi ni nani?" aliuliza kwa Kirundi, bila kupandisha sauti. "Mimi niliingia nchi hii mgongoni kwa mama yangu. Sijui hata mlango wa nyumba tuliyotoka ulitazama wapi. Nimeolewa hapa, nimezika mume hapa, nimepiga kura hapa. Sasa naambiwa nimefika jana?"

Msomaji wa leo anaweza kuona ni neno tu. Kwetu siku zile halikuwa neno tu. Kulikuwa na maneno mengi mitaani kuhusu nani ni mtu wa hapa na nani si wa hapa, na maneno hayo yalikuwa na miguu. Melkiori, mtoto wa mwisho wa Bibi Kandida, alikuwa amezuiwa na askari stendi mwaka uleule kwa sababu alipoulizwa anakwenda wapi alijibu kwamba "anaenda kurara kwa shangazi yake Rusahunga". Yeye alizaliwa Nyarubungo, amesoma Nyarubungo, lakini ulimi wake uliteleza kwenye r na l kama wanavyoteleza wengi wa kwetu, hata Wahangaza, na yule aliyemwuliza akaona amepata mtu asiye wa hapa. Walimweka kutwa nzima mpaka mwenyekiti wa kitongoji alipokwenda kumtetea. Sasa Hanne alikuwa amechapa picha ya mama yake, jina lake na kijiji chake, na juu yake neno lilelile ambalo familia nzima ilikuwa ikilikwepa.

"Wanasemaje?" Hanne aliniuliza, bado anatabasamu.

Kabla sijafungua mdomo Mama Spesioza alinishika kiwiko. "Mwambie wamefurahi sana."

"Mama, hawajafurahi."

"Devota. Mwambie wamefurahi. Mtoto wa watu amesafiri mpaka Mwanza."

"Siwezi kusema hivyo, mama."

Nikamwambia Hanne ukweli, kwa Kiingereza kilichokatikakatika. Nilimwambia kwamba wao si wakimbizi, na kwamba neno lile linaweza kuwaletea matatizo. Akanisikiliza, akakunja paji la uso. "Lakini ni kweli walikimbia," alisema. "Watu hununua kwa sababu ya historia. Bila historia ni kikapu tu." Nikamjibu kwamba kikapu tu ndicho walichosuka. Tukabishana, na jinsi tulivyobishana kwa lugha isiyoeleweka kwa mtu mwingine chumbani, akina mama walitutazama kama watu wanaotazama moto wa jirani. Kisha Hanne akaziba uso kwa mikono akalia, akisema alitaka tu kusaidia, kwamba ametoka mbali sana.

Na hapo mambo yakaniponyoka. Akina mama wakainuka wote. Mmoja akampa maji, mwingine akamfungulia kitenge ajifute, na Bibi Kandida mwenyewe, ambaye dakika moja kabla alikuwa amevunjiwa heshima, akaenda kumpapasa mgongo. "Pole, mwanangu. Basi, pole." Hakuna aliyeweza kumwona mgeni analia ndani ya nyumba akabaki amekaa. Ilipofika saa ya kutawanyika, kadi zilikuwa zimekusanywa vizuri na kurudishwa ndani ya bahasha, na kila mtu alijua zitafungwa. Niliyeonekana mbaya ni mimi. Miaka yote hii nimekuwa mwalimu, nimekalia vikao vingi, na bado sijaona namna ya kumshinda mtu anayelia kwa nia njema.

Siku ya maonesho tulikwenda na pikapu ya parokia, vikapu vimerundikwa nyuma na pango limefunikwa turubai. Akina mama walitutangulia kwa miguu, kwa njia ya mashamba. Uwanja ulikuwa umepambwa, kuna mandazi, soda, kwaya inajaribu vipaza sauti, na kibanda chetu kilipendeza kuliko vyote, hata mimi nilivimba kichwa kidogo. Nyota zilining'inia. Ng'ombe wa pembe ndefu wakapigwa picha. Kadi zilikuwa kwenye kila kikapu, zikichezacheza na upepo. Watu wa hospitali walikuja, masista wakaja, watumishi wa halmashauri na familia zao wakaja, na wote walinyanyua kadi kwanza kabla ya kugusa kikapu.

Mchana akaja mwanamume mmoja amevaa koti, peke yake. Alisoma kadi moja baada ya nyingine bila haraka, akifunga na kufungua midomo. Alipofika ya Bibi Kandida aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Huyu mama anakaa kitongoji gani?" aliniuliza.

"Kwa nini?" nikasema.

"Nauliza tu. Na huyu je?" Akaonesha nyingine.

Bibi Kandida alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye mkeka. Niligeuka nikamwona ameinamisha kichwa, mikono imesimama juu ya kazi yake. Sikuwahi kuiona mikono ile imesimama. Sikufikiri tena. Nilimwambia yule bwana mama haishi huku, nikachukua mkasi wa Hanne, nikaanza kukata nyuzi. Nilikata kadi moja baada ya nyingine, mbele ya wanunuzi, mbele ya masista, nikazibeba zote kifuani hadi kwa mama wa mandazi nikazisukuma chini ya karai lake. Mafuta yalikuwa yanachemka. Karatasi zile nzuri za Mwanza zilijikunja zikashika moto wa kijani.

Hanne alikuja mbio, akasimama. Aliyesema alikuwa Mama Spesioza. "Umenivua nguo," aliniambia. "Mbele ya mgeni wangu na mbele ya Padri, umenivua nguo. Kesho urudi kwenu." Na baada ya muda mfupi yule bwana wa koti akarudi, safari hii na mkewe. Binti yao alikuwa anaolewa, walitaka vikapu vikubwa vya kubebea zawadi, na alikuwa akiuliza mafundi wanakaa wapi ili akaagize. Wakaagiza kwa furaha. Bibi Kandida akaonesha kwa mikono yake ukubwa wa mfuniko. Nilisimama pembeni nikinuka moshi, na nikaona watu wakinitazama na kutikisa kichwa, msichana aliyechanganyikiwa kwa sababu ya mtu wa harusi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kufukuzwa. Kwamba yule bwana alikuwa mwema, na wema wake ukalifanya neno lile nalo lionekane jema.

Jioni ile tulikula ndizi na maharage. Hanne aliniwekea sahani, hilo nalikumbuka. Chumbani, wakati napanga nguo, aliniambia, "Nilidhani sisi ni marafiki." Nikamwambia hata mimi. Tukazima taa, tukalala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Asubuhi Mama Spesioza hakutoka chumbani kuniaga. Tulikutana mara nyingi baadaye, kwenye misa za jimbo, harusi, misiba. Nilimwambia shikamoo mama, akanijibu marahaba mwanangu, akanisifia jinsi nilivyonenepa, na hatukuitaja siku ile hata mara moja. Nilisikia kwamba mwaka uliofuata vikapu vilikuwa na kadi tena, zimeandikwa jina la kikundi na la Nyarubungo, basi. Nani aliamua, na kwa sababu gani, sikuambiwa. Nilikuwa nikingoja mama aniambie. Sasa yuko chini ya udongo na mimi bado nangoja.

Aliyenisindikiza alikuwa Bibi Kandida. Nilimkuta nje ya ua amenisubiri kwenye umande, akalichukua begi langu akalitwika kichwani mwake bila kuniuliza, nilipojaribu kumzuia akakataa kwa Kirundi, "Oya, acha." Tulitembea kwa njia ya mashamba mpaka kwenye lami. Kisha akaniuliza ile kadi yake iliendelea kusema nini baada ya lile neno, maana nilipofika hapo nilinyamaza. Nikamwambia ilisema kwamba anaimba anaposuka, na kwamba hakuna mfuniko unaokaa sawasawa kama wake.

"Hayo yaliandikwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na yenyewe ukayachoma."

Sikujua kama analalamika au anacheka. Uso wake ulikuwa chini ya begi. Mbele yetu kulikuwa na kizuizi cha barabarani, gogo limelazwa juu ya mapipa mawili, askari wawili wanakunywa chai, na ng'ambo yake mabasi madogo ya kwenda njia ya Ngara yanaita abiria. Bibi Kandida akasimama. Akatua begi, akalikung'uta vumbi, akanikabidhi.

"Mimi naishia hapa," alisema.

Nikamwambia gari liko palepale ng'ambo, tungefika pamoja. Akalitazama gogo, akatikisa kichwa kidogo, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu, yenye alama za sindano. Nikaenda peke yangu. Askari alinyanyua kikombe akaniuliza natoka wapi. "Nyarubungo," nikasema. Akasema, "Haya, Krismasi njema, dada," wala hakuniangalia mara ya pili. Nilipogeuka kumpungia Bibi Kandida, alikuwa amekwisha iacha barabara, anarudi kwa njia ya mashamba, na mahindi yalikuwa marefu kuliko yeye.